Kadi za punguzo la kambi Ulaya: ipi inalipa Mei hadi Julai?

NjiaNdefu
Habari zenu wakuu. Tuko wawili, mimi na mke wangu, na motohomu (gari lenye vitanda na jiko ndani) ya mita 6.5 na mbwa mmoja. Tunaanza Uholanzi katikati ya Mei, tunakatiza Ufaransa hadi kaskazini mwa Hispania, kisha tunarudi kupitia Ujerumani hadi karibu tarehe 20 Julai. Nimeona CampingCard ACSI, Camping Key Europe na Camping Card International. Tununue zote? Na kitabu cha karatasi chenye orodha ya kambi bado kina kazi, au programu ya simu inatosha?

Kigingi
Karibu, mkuu. Usiziweke kwenye kapu moja, kazi zake ni tofauti.

CampingCard ACSI ni ya bei. Kambi zaidi ya 3,000 zinakubali kiwango maalumu nje ya msimu wa watalii wengi. Kiwango hicho kinahusu watu wazima wawili, nafasi ya kuegesha, gari, mbwa mmoja, maji ya moto ya kuoga na umeme hadi kWh 4 kwa siku. Kodi ya watalii haimo. Utalipa juu yake, kwa kila mtu mzima kwa kila usiku.

Camping Card International ni hasa kitambulisho na bima. Unaiacha mapokezi badala ya pasipoti, na ukimharibia mtu mali yake ndani ya kambi kuna bima ya madhara kwa wengine. Haichukui nafasi ya bima ya gari. Camping Key Europe nayo ni kitambulisho na bima, pamoja na punguzo kwenye baadhi ya kambi. Inajulikana sana Uswidi. Kwa njia yako, anza na ACSI, kisha ongeza moja tu kati ya hizo mbili kama hutaki pasipoti ibaki mapokezi.

Mkokotoo
Kabla ya kulipa, piga hesabu. Chukua bei ya kawaida ya usiku mmoja kwa watu wawili pamoja na umeme na mbwa, toa kiwango cha kadi, kisha gawanya bei ya kadi kwa tofauti hiyo. Kambi ikitoza euro 29 na kiwango cha kadi kikiwa 21, unaokoa 8 kila usiku, kwa hiyo gharama ya kadi inarudi ndani ya siku chache. Wengi wanakosea kwa kulinganisha na bei ya tangazo ambayo haina umeme wala mbwa, halafu wanaona kadi haina faida.

Angalia pia tarehe. Kila kambi ina zake kitabuni, na nyingi zinafunga punguzo Julai na Agosti. Baadhi hata wikiendi za Pasaka na Pentekoste. Onyesha kadi ukiwa unafika, si siku ya kuondoka wakati bili imeshaandikwa. Ukikaa wiki, tafuta alama ya 7=6: unalala siku saba, unalipa sita.

NjiaNdefu
Asanteni sana ndugu zangu. Basi kuanzia Julai kadi inalala?

Kigingi
Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Hapo kitabu kinakusaidia zaidi kuliko kadi. Ukiwa bado Ufaransa, tafuta kambi za manispaa: ni za bei nafuu hata bila kadi, na ndiyo maana nyingi hazimo kwenye mipango ya punguzo. Kuna pia France Passion, ambako wakulima na watengeneza mvinyo wanakuruhusu kulala bure kwa saa 24. Unalipia uanachama wa mwaka, na gari lazima liwe na choo chake na tangi la majitaka. Hema haliruhusiwi.

Dira_na_Ramani
Kuhusu karatasi na programu: beba vyote viwili. Pakua data ya programu kabla ya kuondoka, maana mabondeni mtandao hupotea. Kitabu ni kizuri kwa kupanga mezani, kambi zote za eneo zikiwa mbele yako.

Kwenye maelezo ya kambi soma kwanza ampea, yaani kiasi cha umeme unachoweza kuvuta kwa wakati mmoja. Ampea 6 kwa volti 230 ni kama wati 1,380. Birika la wati 2,000 litaangusha fyuzi, na wakati mwingine boksi la umeme limefungwa hadi mhudumu aje. Chukua birika la wati 1,000 au chini, na usiwashe pamoja na hita. Beba adapta ya soketi ya Kifaransa pia, kwani si kila kambi ina soketi ya buluu ya pini tatu.

Mwisho, ingiza namba za GPS za kambi zilizo kitabuni, si jina la mtaa. Anwani mara nyingi inakupeleka ofisini au kwenye uchochoro usiopitika kwa motohomu.