Naomba ushauri: viputo kwenye kompositi ya mkonge na resini

Wakuu, habari za kazi. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni kutengeneza kompositi, yaani kuchanganya nyuzi za mkonge wa Tanga na resini ya poliesta (plastiki ya majimaji inayoganda ikitiwa kigandishi), kisha nipime nguvu ya kuvutwa na mwanga unaopenya. Nyuzi niliziloweka kwenye kostiki soda ya asilimia 5, nikasuuza, nikaanika.

Resini tupu inatoka angavu kama kioo. Nikiweka nyuzi, viputo vinajaa, kipande kinakuwa cheupe kama tui, na kwenye mashine kinakatikia palepale penye kiputo, nyuzi zikichomoka nzima nzima. Nashuku unyevu, maana mvua huku haikatiki. Pampu ya kunyonya hewa hatuna (msinicheke).

Nyuzi nizikaushe kwenye oveni ya nyuzijoto 80 kwa saa ngapi? Au nipunguze kigandishi, resini isiwahi kuganda kabla hewa haijatoka?