Likizo imeanza juzi tu, watoto hawatoki ndani. Munafanyaje wenzangu?

mama_watatu_mchz

Asalaam alaykum. Jamani skuli zimefungwa wiki haijesha na mie nshachoka. Ninao watatu, mkubwa wa kike miaka 11, wa kati 8, mdogo 5, tunakaa ghorofa ya nne Michenzani hapa Unguja mjini na kazi yangu cherehani, kwa hiyo niko nyumbani kutwa nawaona. Wakitoka chuoni (madrasa) saa 4 wanavua viatu mlangoni, simu ya zamani ya baba yao hiyo, katuni mpaka adhuhuri, wakishakula wanarudi pale pale kwenye mkeka. Jana nimemwambia wa kati njoo utazame rangi ya mawingu, ananambia subiri mama hii iishe!! Nikiizima wanapigana. Nikiwafukuza nje wanashuka, dakika kumi wapo mlangoni "mama nje hamna kitu". Na kusema kweli na mie moyo hautulii wakiwa chini na hizi bodaboda. Sie tulivyokuwa wadogo Jang'ombe bibi alikuwa anafunga mlango kwa ndani tusirudi kumsumbua, tunaingia magharibi miguu myeupe kwa vumbi. Mabembea ya Kariakoo sina pesa ya kwenda kila siku, na huyo mkubwa baba yake hataki azurure. Nisaidieni.

mzee_wa_pwani

Waalaykum salaam. Bahari iko bure bi mkubwa. Lakini usiwapeleke ovyo ovyo, kwanza tazama mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa wa kumi na tano, hapa kwetu maji yanakupwa mnamo saa 4 asubuhi na yanajaa saa 10 jioni. Sasa wako wanatoka chuoni saa 4, si ndo wakati wenyewe, Mazizini au Mbweni maji yako mbali kule watoto wanakimbia mchangani wanatafuta kaa na makombe na wala hawahitaji kujua kuogelea. Maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, ni kinyume chake, asubuhi yamejaa, jioni ndo yanatoka. Na kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, ukishaijua siku moja nyengine unahesabu mwenyewe.

Mawili tu. Wavae viatu vya plastiki vya kufunga, malapa hapana, yanabaki kwenye tope, na waburute miguu wakitembea majini maana taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani, hulala chini ya mchanga ukimkanyaga utajuta. La pili maji yakianza kurudi mutoke. Yanaanzia kwenye vijito nyuma yenu, mtu yuko juu ya fungu anaokota makombe akigeuka kazungukwa. Mie nshavutwa na ngalawa ya watu nikiwa na miaka tisa kwa ujinga huo, na makofi ya nyumbani juu.

Mkonde_halisi

Nyie watu wa mjini munachekesha kweli. Kwetu Pemba hakuna suala la kumtoa mtoto nje, kazi ni kumrudisha ndani 😂 Msimu wa karafuu ukiingia ndo kabisa, mchana watu wako shambani, usiku nyumba nzima imekaa kitako inachambua, mtoto ana kikapu chake, karafuu huku makonyo (vijiti vyake) kule, na anajua atapata chake. Asubuhi anazianika uwandani na mvua ikinyemelea anakimbia kuzianua hajaambiwa na mtu. Kupanda tu ndo tusiwaachie, mkarafuu tawi lake halina ahadi, linakatika bila ya kulia, nna jirani mkono wake mpaka leo haunyooki. Mlete huyo wa miaka 8 akae mwezi huku, atarudi hata hiyo simu haijui inawashwaje. Akichoka karafuu kuna mto wa kuchezea.

nesi_wa_fuoni

Mkonde mengine yote sawa lakini huo mto hapana!! Kichocho bado kipo Unguja na Pemba na watoto wa skuli ndo wanaokipata zaidi, kwa sababu ya hivyo hivyo vijito na mabwawa. Konokono wa maji baridi ndo wanaotoa vijidudu, hasa jua likishapanda mpaka mchana, vinaingia kwenye ngozi mtoto hata hasikii kitu. Baada ya wiki kadhaa anakojoa damu na anaficha kwa kuogopa kupigwa. Ukiona hivyo kituo cha afya, dawa ipo. Baharini hakuna kichocho, maji ya chumvi konokono hao hawaishi, kwa hiyo ushauri wa mzee_wa_pwani mie naupa mkono.

Na mama watatu usijione umeshindwa, Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate angalau dakika 60 kwa siku za kukimbia kukimbia mpaka moyo upige. Saa moja tu, na si lazima iwe kwa mkupuo. Asubuhi nusu, jioni nusu, imetosha.

babu_kijana

Mie nasema tofauti kidogo. Zamani si sasa. Zamani kila mtu mtaani alikuwa anamjua mtoto wa fulani, leo ghorofa ile ile mtu humjui wa mlango wa pili. Mie wangu hawatoki bila mtu mzima, basi.

Ila hichi kipindi ni cha kusi, na kusi ni upepo wa tiara (kishada). Watoto wa leo wanaijua tiara kwenye katuni tu. Chomoa chelewa tatu kwenye fagio, zifunge katikati, zungusha uzi nchani, bandika gazeti kwa wali uliolala (usicheke, hakuna gundi inayoushinda), mkia wa matambara, kwisha. Sie tulikuwa tunatumia mifuko ya plastiki lakini hiyo imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, na gazeti linaruka vizuri tu bora lisirowe. Ikipinda upande mmoja ongeza mkia, ikikataa kupanda punguza. Peleka Mnazi Mmoja mbali na waya za umeme.

mama_watatu_mchz

Shukran sana. Matambara ninayo gunia zima haha. Lakini babu_kijana huyo mtu mzima wa kukaa nao ndo nani? Baba yao anarudi saa 11, mie nna magauni ya harusi ya watu.

bint_malindi

Shoga yangu niruhusu nikwambie. Babu kasema zamani kila mtu alimjua mtoto wa fulani, lakini walikuwa wanawajua kwa sababu walikuwa wamekaa nje! Bibi yako aliyekufungia mlango alijua kuna bibi mwengine barazani nyumba ya tatu anachambua mchele na jicho lake halipitwi na kitu. Sasa baraza za ghorofani ziko wapi, sote tumejifungia juu halafu tunamwambia mtoto nenda nje, nje kwenyewe hamna mtu, lazima arudi aseme hamna kitu. Ana haki yake.

Cherehani haishuki ngazi najua, lakini kofia inashuka. Huna kofia ya kushona kwa mkono hapo ndani? Chukua mkeka, gonga milango miwili mitatu, kila mtu ashuke na kazi yake baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Sie huku tulianza watu wawili, mwenzangu anamenya vitunguu mie nashona kofia ya viua, leo tuko sita na watoto siwahesabu, wanacheza nage, kibe, wakubwa mpira wa matambara. Tunazozana pia usione hivi, kuna mmoja kila siku mwanawe ndo kaonewa.

Na huyo wa kike wa miaka 11 jamani. Kukimbia mbele ya mama yake ndo kuzurura? Nungwi kule watoto wa kike wamefundishwa kuogelea na vazi lao la stara limewafunika kuanzia kichwa mpaka mguu, na wazee wameridhia. Mfikishie baba yake.

mzenji_wa_london

Nawasoma nakula wivu. Huku skuli zinafungwa mwisho wa Julai wiki sita, ndo joto, saa 2 usiku jua linawaka na wangu nao wako ndani na tableti. Kuwatoa nalipia kambi ya michezo, nalipia kwa siku, pesa ambayo sitaki kuitaja hapa. Wanangu wakija huko mwezi wa nane wanashangaa mbona kuna baridi, nawaambia hicho ndo kipupwe, vaeni sweta mutoke.

mama_watatu_mchz

Narudi na habari, siku ya nne leo. Ninayo kofia ya viua nimeitelekeza tangu Ramadhani, nikaichukua na mkeka, nikagonga kwa jirani wa chini ambaye miaka mitatu tunaitikiana salamu tu, kumbe naye anashona kofia na mkono wake mzuri kuliko wangu. Siku ya kwanza wangu walikaa mkekani wamenitazama mimi kama mgonjwa. Siku ya pili tukaunda tiara, fagio langu limebaki nusu. Ya kwanza ikajipiga chini, ya pili wali haujakauka gazeti likaenda zake peke yake, ya tatu ikapanda mpaka ghorofa ya tano ikanasa kwenye kamba ya nguo za watu na mdogo akalia kama kafiwa.

Leo tumekwenda Mnazi Mmoja, na aliyeirusha ni mkubwa, baibui kalifunga kiunoni anakimbia kinyumenyume huku anamfokea mdogo wake achia achia! Baba yao kapita na vespa anatoka kazini, kasimama, nikajua maneno yanakuja. Kaegesha, kamwambia uzi huo mfupi, lete nikuonyeshe. Mpaka adhana ya magharibi hakumrudishia mtoto.

Wamelala hata isha haijaadhiniwa, wa kati na vumbi lake vile vile sikuweza kumwamsha. Shida yangu sasa uzi, roli yangu ya kijani robo tatu imekwenda angani. Nani anajua Darajani duka gani wanauza nyuzi kwa jumla?