Tupeane uzoefu: ardhi ya umma inapochukuliwa kwa ajili ya kiwanda cha kampuni binafsi, mahakamani mlikwendaje?

Ndugu zangu, naomba waliopitia kesi za namna hii waeleze yaliyowakuta. Nianze na ya kwetu. Kijiji chetu cha Tanzania kilikuwa na ekari 60 za malisho, na mwaka 2019 tuliona matingatinga yakisawazisha eneo hilo kwa maelezo kwamba mkutano mkuu wa kijiji ulikwisha kuridhia lipewe kampuni ya usindikaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaupa mkutano mkuu kauli ya kukubali au kukataa pale eneo linaloondolewa kwenye ardhi ya kijiji lisipozidi hekta 250, kwa hiyo kesi yetu yote iliegemea muhtasari wa mkutano huo. Nakala ilipopatikana, tulihangaika na orodha ya mahudhurio kwa wiki nzima bila kuona kasoro. Aliyeiona ni mama muuza chai, ambaye hakusoma jina hata moja, alitazama muhuri. Ulikuwa na jina la wilaya mpya, ilhali mkutano uliandikwa kuwa ulifanyika mwaka 2011, kabla wilaya yetu haijagawanywa.

Hata hivyo, shauri la kwanza lilitupwa. Hatukutoa notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki wala kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika kesi, masharti ambayo tangu 2020 yanahusu pia serikali za mitaa. Tumefungua upya Mahakama Kuu, na kiwanda kimekwisha kuezekwa. Je, ardhi hurudi kweli?

*

Ndugu mleta mada, sisi hatukupinga kiwanda, tulipinga fidia. Mthamini alikuja, kila mmoja akapigwa picha mbele ya mikorosho yake akiwa ameshika karatasi yenye namba, kisha kimya. Miaka mitatu baadaye tuliitwa kuchukua hundi za bei ileile ya zamani. Wakili wetu alisimamia hoja moja tu: Sheria ya Uthamini ya Tanzania ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, na ikipita miaka miwili uthamini hurudiwa. Ulirudiwa. Waliokuwa wamepoteza nakala ya fomu zao ndio waliosumbuka kuliko wote, kwa kuwa karatasi ile yenye namba haikuwa imebaki mikononi mwa mtu.

*

Salamu kutoka Mombasa. Huku mara nyingi mgogoro huwa juu ya uwanja wa wazi au akiba ya barabara (ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara) iliyogawiwa zamani kinyemela, ikauzwa mara mbili tatu, hata mwenye ghala au kiwanda akasema yeye ni mnunuzi asiye na hatia. Someni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Kenya ya tarehe 21 Aprili 2023, baina ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Haikuhusu kiwanda bali uwanja wa wazi karibu na ufuo, lakini msimamo wake ni mpana: ikiwa ugawaji wa mwanzo ulikuwa haramu, hati ya mnunuzi wa baadaye haimlindi. Nasi tuliitumia, tukaambiwa tulete ramani ya awali ya upimaji, na kuipata ilituchukua muda mrefu kuliko kesi yenyewe.

*

Umeuliza kama ardhi hurudi. Mimi sina kesi, ila nimefuatilia ya Singur, katika jimbo la West Bengal nchini India, ambako mwaka 2006 serikali ilitwaa takriban ekari 997 kwa ajili ya kiwanda cha magari cha Tata. Tarehe 31 Agosti 2016 Mahakama ya Juu ya huko ilibatilisha utwaaji huo na kuagiza wakulima warudishiwe mashamba, na waliokwisha kulipwa wasidaiwe kitu. Majaji wawili hawakukubaliana iwapo kiwanda kile kilikuwa kwa manufaa ya umma. Walikubaliana kwamba pingamizi za wakulima hazikusikilizwa ipasavyo. Ardhi ilirudi, ikiwa na misingi ya zege chini yake.

*

Nashukuru, ni mimi mleta mada. Sisi tuliomba zuio la muda, likakataliwa kwa sababu ujenzi ulikuwa umekwisha anza. Kuna aliyelipata kabla zege halijamwagwa, na alionyesha ushahidi gani?