Binti wa chini ya miaka 12: ligi ya mtaa inatosha, timu ya kusafiri isubiri

Mzazi, Columbus, Ohio

Ndugu zangu mnaolea mabinti huku Marekani, majaribio ya timu za kusafiri za softiboli (mchezo wa gongo na mpira unaofanana na besiboli) ni mwezi wa nane, na simu zimeshaanza: "Kochi amempenda mtoto, nilipe?" Msimamo wangu nauweka wazi. Binti ambaye hajatimiza miaka 12 abaki ligi ya mtaa. Asiyekubali aje na hoja.

Kwa waliofika juzi: ligi ya mtaa unamwandikisha mtoto, unalipa ada ndogo, anapewa jezi, anacheza msimu wa masika kwenye viwanja vya hapo hapo mjini, na kochi ni mzazi mwenzako. Hakuna anayekatwa. Timu ya kusafiri lazima apite majaribio, afanye mazoezi ya ndani baridi nzima, kisha ni mashindano wikiendi hadi wikiendi kwenye miji ya mbali. Aspen Institute, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilipowauliza wazazi mwaka 2024 ilikuta familia inatumia wastani wa zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka kwa mchezo mkuu wa mtoto mmoja. Timu nyingi za kusafiri zinavuka hapo kwa ada peke yake, bado gongo, mafuta na kiingilio cha getini (ndiyo, mzazi analipa kumwona mwanawe akicheza). Na yapo mashindano ambayo timu haipokelewi mpaka mlale hoteli walizochagua waandaaji.

Lakini pesa siyo inayoniuma zaidi. Kinachoniuma ni mtoto wa miaka 10 kusugua benchi kwa jasho la mzazi wake. Little League, shirika lenye ligi za mtaa za watoto, wana kanuni: kila mtoto aliyepo mechini akae uwanjani angalau kwa auti sita mfululizo (auti ni mpigaji wa timu pinzani kutolewa) na apate zamu ya kupiga angalau moja. Timu ya kusafiri haina deni hilo kwa mtu. Inatafuta kombe, na namba anapewa aliyekwisha iva. Mwanao ambaye mwili wake umechelewa kukua anashinda benchini Jumamosi, Jumapili ibada imempita, Jumatatu glavu hataki hata kuiona.

Kochi wa kujitolea, Dallas, Texas

Kaka, nakuheshimu, ila hiyo ligi ya mtaa unaisifia ukiwa nje ya uzio. Njoo usimame nami ndani. Wasichana wa miaka 9 na 10, mrushaji yuko futi 35 kutoka kwa mpigaji, mkono anauzungusha kwa nguvu zake zote, mpira unapita juu ya kichwa cha mdakaji. Wa pili unapiga vumbi. Ikifika minne mibaya mpigaji anapewa bure besi, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia, na anayefuata vivyo hivyo. Zamu nzima ya timu inaanza mpaka inakwisha, gongo halijagusa mpira, na binti aliyewekwa upande wa kulia kabisa wa uwanja amechuchumaa anang'oa nyasi. Huyo naye utasema anacheza, kwa kuwa kanuni imetimia?

Softiboli ni mrushaji. Na mrushaji hapatikani kwa miezi miwili ya masika. Anatakiwa arushe baridi nzima chini ya jicho la mtu anayejua. Akifika sekondari kutafuta namba kwenye timu ya shule, atakutana na wenzake walioanza wakiwa na miaka 9. Wa kwetu tunawachelewesha kwa kuwaonea huruma, halafu wanapokatwa tunalia ubaguzi.

Mama wa mabinti wawili, Charlotte, North Carolina

Mimi mchezo wenyewe siujui vizuri. Wangu mkubwa ana miaka 10, yuko timu ya kusafiri kwa sababu nataka chuo kije kimlipie masomo. Nafanya kazi za usiku ili nilipe. Mnataka kuniambia napoteza?

Mzazi, Columbus, Ohio

Dada yangu, pole na usiku. Sikuambii umtoe, ila usilipe kwa sababu hiyo. Tangu 2018 kochi wa chuo cha divisheni ya kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, haruhusiwi kuzungumza na mchezaji wa softiboli mambo ya usajili kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Binti yako hapo atakuwa na miaka 16 hivi. Hakuna kochi wa chuo anayemtafuta leo, na anayekwambia vinginevyo anauza kitu. Hesabu za NCAA wenyewe, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinaonyesha kwamba katika wasichana 100 wanaocheza softiboli sekondari, hata 10 hawafiki kwenye timu za vyuo vyao. Na wengi wanaofika hawalipiwi ada yote.

Kochi, hizo nyasi hata mimi nimeziona ziking'olewa. Lakini kwa nini ligi haina warushaji? Kwa sababu kila anayeonyesha mkono mzuri anachukuliwa akiwa na miaka 9. Tunaikamua ligi, kisha tunaicheka kwamba imekauka. Na huo mkono unaochukuliwa unafanywa nini? Wikiendi moja binti mmoja anarusha mechi tatu, nne, kwa imani kwamba kurusha kwa mkono wa chini, kama inavyorushwa softiboli, hakuumizi bega. Kunaumiza. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia American Academy of Pediatrics, wanashauri mtoto apumzike mchezo wake mkuu miezi mitatu kwa mwaka, na asifungwe kwenye mchezo mmoja kabla ya miaka 15 au 16.

Mimi nasema: masika ligi ya mtaa, kiangazi timu teule ya ligi hiyo hiyo, na anayependa kurusha atafutiwe mwalimu wa kurusha. Baridi acheze mpira wa kikapu.

Kochi wa kujitolea, Dallas, Texas

Mwalimu wa kurusha nakubali, na bega nakubali. Ila mrushaji asiyekutana na wapigaji wakali hajui mpira wake umefika wapi. Wangu nitamwacha ligi ya mtaa masika, vuli nitampeleka timu ya kusafiri ya karibu, ambayo harudi nyumbani usiku wa manane. Na ni miaka 11, siyo 12. Huo mwaka mmoja sikuachii, kaka.