Umri wa pombe Kenya: ubaki 18 au upande hadi 21?

Mleta_Mada: Sera ya taifa ya 2025 inapendekeza umri wa kununua pombe upande kutoka 18 hadi 21, na pombe iondolewe kwenye supamaketi na oda za mtandaoni. Watoto wa miaka 15 na 16 wameacha kuiba bia ya baba, sasa wanachangishana kwota (chupa ndogo ya pombe kali). Mimi naunga mkono 21. Semeni.

HesabuKwanza: Umri hautawagusa, kodi ndiyo inayowasukuma. Tangu Desemba 2024 bia hutozwa shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kileo safi, pombe kali shilingi 10. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina sentilita 2.5, kodi yake 56.25. Kwota, mililita 250 za asilimia 40, ina sentilita 10, kodi 100. Kileo hichohicho kwenye bia ni chupa 4, kodi 225. Mwenye mfuko mwepesi atakimbilia wapi? Mnashughulika na vitambulisho bure. Mbona Pwani vijana wamekunywa mnazi, utomvu wa mti wa nazi, miaka yote na ule ni maji ya mti tu?

Kaloleni_Juu: Maji ya mti! Umewahi kuuliza mgema hata mmoja? Utomvu huanza kuchacha kibuyu kikiwa bado juu, kwa sababu hamira ya asili imeshika kwenye kibuyu cha jana. Ndani ya saa mbili tu unaweza kukaribia asilimia 4. Mnazi wa asilimia 5, lita moja, ni mililita 50 za kileo safi: bia 2 za nusu lita. Hesabu yako mwenyewe hiyo, itumie.

HesabuKwanza: Nilimaanisha tembo tamu, yaani mnazi wa asubuhi ambao haujachacha, kaka. Usinitie maneno mdomoni.

Kaloleni_Juu: Hukusema tembo tamu, ulisema mnazi. Na hilo tamu halikai tamu. Kibuyu kisipooshwa vizuri na kupakwa chokaa ndani, likishuka asubuhi tayari limeanza kuchemka. Kesho yake linaelekea siki. Mangwe gani, kilabu gani cha mnazi, inayomwaga la jana? Wanaongeza maji, sukari na hamira ya dukani, na hapo hata muuzaji hajui ukali wa anachouza. Mtoto ndiye atajua vipi?

Jirani_wa_Tanga: Sisi Tanzania tulimaliza haya tulipofuta viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali, 2016. Fungeni vifungashio vidogo tu.

Zamu_ya_Usiku: Ni 1 Machi 2017, ndugu. Na Kenya sheria ya 2010 ilishakataza pakiti na kudai chupa ya pombe kali isipungue mililita 250. Matokeo yake wanne wanachanga, wanapokezana chupa moja, na hakuna anayejua amekunywa kiasi gani. Kwota nzima ni takriban gramu 79 za kileo. Mwili huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Aliyekunywa peke yake saa 3 usiku, asubuhi huenda anaingia darasani bado ana kileo mwilini. Wakichanganya na enaji, vile vinywaji vya kuongeza nguvu, ni vibaya zaidi: kafeini inaficha usingizi, wala haipunguzi kileo. Akizimika mlazeni kwa ubavu, asiachwe peke yake. Msimpe kahawa, msimlazimishe kutapika, kwani matapishi huingia mapafuni. Akipumua polepole au asipoamka mkimtikisa, hospitali mara moja.

Jirani_wa_Tanga: 2016, 2017, mwaka mmoja unabadilisha nini? Viroba vilikwisha.

Zamu_ya_Usiku: Unabadilisha kuaminika kwako, kaka. Kiroba cha mililita 100 cha asilimia 40 kilizidi bia moja na nusu na kilifichika kwenye soksi. Kukiondoa kulisaidia hapo. Kwota haifichiki kwenye soksi, lakini begi la shule lipo.

Mleta_Mada: Jamani, swali lilikuwa 21.

HesabuKwanza: Hakuna aliyegusa kodi yangu hata kidogo. Mmeshikilia mnazi.

Kaloleni_Juu: Uliuleta wewe. Na nikwambie: ukipandisha kodi ya kwota bila kupima mnazi, watoto watahamia mangwe, ambako mgema hakatwi kodi ya sentilita na mara nyingi hana leseni ya kuogopa kunyang'anywa. Sheria inataka baa iwe mita 300 kutoka shule. Mangwe iliyo nyuma ya uzio wa shule nani ameipima?

HesabuKwanza: Basi ipimwe. Kipimo cha ukali kinaelea ndani ya kinywaji, lakini sukari iliyobaki kwenye mnazi hukidanganya. Lazima mchemshe, mkusanye mvuke, ndipo mpime. Kaunti gani itafanya hivyo mangwe kwa mangwe?