Mnaoinua magari na kutufungia spea za stelingi bila kupima, mtatuua

Wakuu, baadhi yenu mmeshanijibu hapa jukwaani kuhusu usukani wa gari langu. Naandika yote nikiwa na hasira na sitaificha.

Gari langu ni Nissan Patrol Y61, eksili nzima mbele (chuma kimoja kinachounganisha tairi mbili), spring za koili. Nililiinua inchi 3. Muuzaji akanishauri nichukue seti nzima kwake: spring, shokapu, mkono wa pitmani (ule unaotoka kwenye stelingi boksi, boksi la meno la usukani) ulioshushwa, dampa nene ya stelingi, rimu mpya na tairi 315/75R16. Mafundi wake wakafunga kila kitu. Nilikubali kwa sababu moja tu, kwamba likitokea tatizo nitajua mlango wa kugonga. Tatizo limetokea, mlango nimeugonga mara tatu.

Wiki ya tatu nikiwa barabarani, mshale uko kwenye 80, tairi za mbele zikapita juu ya kiungo cha daraja. Usukani ukaanza kupiga kushoto kulia. Wanaojua mtetemo wa tairi isiyo na balansi, sahauni huo. Huu ulikuwa unanipokonya mikono. Dashibodi inagonga, kioo cha ndani kimegeuka kinatazama dari, mke wangu amegeuka nyuma kushika kiti cha mtoto kwa mikono miwili, na nyuma yetu kuna lori. Haukukoma mpaka nikashuka kwenye 30. Nilipoegesha pembeni vidole vilikuwa vimekakamaa kwenye usukani, ikabidi nivitoe kimoja kimoja.

Nikarudi kwao. Jibu la kwanza: balansi. Wakabalansi tairi nne, nikaondoka, siku mbili ikarudi. Jibu la pili: "Hiyo ni kawaida ya gari la kuinuliwa, ongeza dampa ya pili." Hapo ndipo damu ilipoanza kunichemka. Dampa ya stelingi ni shokapu tu iliyolazwa. Kazi yake ni kumeza vishindo vidogo vya njia mbovu. Usukani unaohitaji dampa mbili ili usikuue una ugonjwa mahali fulani, na dampa inauficha mpaka siku itakapochoka yenyewe. Nilivua hata ile moja waliyofunga ili nione ukweli. Nikaendesha kwenye uwanja mtupu, polepole. Kwenye 40 tu gari likaanza kutikisika.

Jibu la tatu sikulisubiri. Nikalala chini mwenyewe.

Hili naomba kila mwenye gari la eksili nzima alifanye leo, halihitaji kifaa. Gari likae chini kwa tairi zake, usilinyanyue kwa jeki. Washa injini, gia iwe huru, handibreki juu na tairi za nyuma ziwekewe vizuizi. Mtu mmoja azungushe usukani robo kushoto, robo kulia, haraka haraka. Wewe lala pembeni mbele, mbali na njia ya tairi, na tochi, utazame kiungo kimoja kimoja: mkono wa pitmani, draglinki (fito inayotoka kwenye mkono huo kwenda kusukuma tairi), tairodi (fito inayounganisha tairi mbili za mbele), na zaidi ya vyote fito ya panhadi (inayozuia eksili isisogee pembeni) pande zote mbili. Weka kidole kwenye kiungo. Plei, yaani ulegevu, ambayo jicho halioni, kidole kinaihisi.

Mimi sikuhitaji kidole. Bolti ya panhadi upande wa eksili ilikuwa inatembea ndani ya tundu lake. Kila usukani ukigeuka, bolti inaruka kushoto, inaruka kulia, na kabla draglinki haijasukuma tairi, eksili yote inasogea pembeni kwanza. Tundu limekuwa na umbo la yai. Rangi imeisha kuizunguka, chuma kinang'aa, na chini yake kuna vumbi jekundu la kutu laini kama poda. Nilipoitoa bolti nikakuta si ile iliyokuja na gari. Nyembamba kuliko tundu! Waliifungua walipokuwa wanaweka spring, iliyokuwepo sijui waliitupa wapi, wakachomeka waliyoikuta mezani.

Na hilo lilikuwa la kwanza tu.

Muuzaji alinipa mkono wa pitmani ulioshushwa akasema gari likiinuliwa draglinki inasimama sana, kwa hiyo inabidi ishushwe. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Draglinki na panhadi ni mapacha: zote zinatoka kwenye chesisi upande mmoja kwenda kwenye eksili upande wa pili, na zinatakiwa zilale kwa mlalo mmoja. Zikiwa sambamba, eksili ikipanda na kushuka kwenye mashimo zinachora upinde mmoja na usukani unatulia. Wao wakaishusha draglinki, panhadi wakaiacha ilivyokuwa imesimama. Sasa kila shimo linageuza tairi kidogo bila mimi kugusa usukani. Wangeacha zote mbili bila kugusa, kwa inchi 3 ningekuwa salama zaidi kuliko hivi! Ukishusha moja, shusha na nyingine, kwa bano la chesisi lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Tena mkono mrefu kwenda chini unaongeza nguvu ya kuukunja ule mhimili unaotoka kwenye stelingi boksi. Nimelipa ili boksi langu life mapema.

Halafu kasta. Niliomba karatasi ya alaimenti, wakaniambia gari la eksili nzima halipimwi, linawekwa "tou" tu. Uongo huo! Tou, yaani jinsi tairi mbili za mbele zinavyoelekeana, ndicho kipimo unachokirekebisha kwa kuzungusha tairodi, lakini kasta ipo, na inapimika. Ni ule mlalo wa nakoli (kiungo kinachogeukia tairi mwisho wa eksili) ukitazama gari kwa ubavu: sehemu ya juu imelalia nyuma kidogo. Ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe ukitoka kwenye kona na gari lishike mstari. Kwenye Patrol eksili ya mbele imeshikwa na mikono miwili inayotoka kwenye chesisi nyuma yake. Ukiinua chesisi, mikono inainama, eksili inajizungusha mbele, kasta inaisha. Nilikwenda kwingine nikapima mwenyewe: ilikuwa imebaki chini ya nyuzi 1. Gari lenye kasta hiyo, panhadi inayocheza, na tairi nzito vile, likipata kishindo kimoja limepata sababu ya kutikisika. Dawa inajulikana miaka nenda rudi, ni bushi (mipira ya kwenye viungo vya mikono hiyo) zenye tundu la pembeni, au mabano ya kushusha mikono, au mikono mipya iliyokatwa kwa kimo hicho. Kwenye "seti kamili" yangu hakukuwa na hata kimoja. Rangi nyekundu ya dampa waliikumbuka.

Kuna jambo jingine wamelifanya ambalo fundi yeyote anapaswa kulionea aibu. Ukiinua gari la namna hii usukani unakaa upande, kwa sababu draglinki imebadilika mlalo. Unaunyoosha kwa kuzungusha draglinki yenyewe, kazi ya dakika 10. Wao waliuchomoa usukani kwenye mhimili wake wakaurudisha ukiwa umenyooka. Kwa macho umekaa sawa. Ndani, stelingi boksi haiko tena katikati wakati gari linakwenda mbele, na ni pale katikati tu ndipo meno ya boksi yamebanwa vizuri kiwandani. Nje ya hapo kuna plei. Kwa hiyo waliniongezea plei nyingine juu ya ile ya panhadi, na gari likawa linakata kona vizuri kushoto kuliko kulia. Ningeambiwa nini, eti tabia ya Patrol?

Sasa rimu. Hapa najilaumu kwa moja, kwamba nilizipenda kwa macho. Za kiwandani zimegongwa ET +10, yaani ofseti: umbali kwa milimita kutoka katikati ya rimu hadi uso wake unaokaa kwenye habu. Hizi mpya ni -30. Nilidhani ni namba za katalogi. Maana yake ni kwamba kila tairi imetoka nje milimita 40, na gari limepanuka milimita 80. Kila jiwe linalogonga tairi sasa lina mkono mrefu zaidi wa kupindua usukani, na beringi za habu na za nakoli zinabeba mzigo usio wao. Muuzaji alijua. Nilimuuliza kama zitaleta shida, akasema, "Gari litasimama kibabe." Jibu gani hilo kwa mtu anayepanda na familia? Rimu iliyo karibu na ofseti ya kiwandani, ikisogea nje kiasi tu cha tairi kutogusa mikono ya eksili usukani ukikatwa mpaka mwisho, ndiyo ya kununua. Nyingine zote ni za kupigia picha.

Nati sikuzitaja mpaka sasa makusudi, maana ndizo zilizonitisha kuliko hata ule mtikisiko. Stadi (bolti za habu zinazoshika rimu) za gari hili ni M12, unene milimita 12, zenye uzi wa 1.25, yaani milimita 1.25 kati ya jino na jino. Toyota nyingi zinatumia M12 ya 1.5. Ukizitazama mkononi ni ndugu. Nati za 1.5 kwenye stadi ya 1.25 zinaingia mizunguko miwili kwa vidole kisha zinagoma, na kugoma huko ndiko kunakokuambia simama. Mafundi wale hawakuingiza kwa vidole. Waliweka kwa bunduki ya upepo, ikalazimisha. Nilipofungua tairi ya mbele kulia, nati nne kati ya sita zilitoka na nyuzi za chuma zimejiviringa ndani kama nywele. Nilizimwaga kiganjani nikazitazama, mtoto wangu amesimama mlangoni ananiuliza tunakwenda lini tena kambi. Sikuwa na jibu. Tairi ile ilikuwa inashikwa na nati mbili nzima.

Na nikapiga hesabu nyingine. Tairi ya kiwandani 265/70R16 ina kimo cha milimita 777. Hii 315/75R16 ni 879. Hakuna aliyerekebisha spidomita wala aliyenitajia. Ile 80 yangu ya darajani ilikuwa karibu 90.

Kuna waliosema kwenye majibu kwamba ningechukua tairodi za viungo vya chuma kitupu, zile za magari ya mashindano. Nashukuru kwa nia njema, lakini hapana. Viungo vile havina mpira wa kuzuia tope na mchanga, na kwa gari la kila siku vinaanza kugonga mapema. Nataka tairodi endi (kiungo cha mwisho wa tairodi) yenye mpira, yenye sehemu ya kutia grisi, nati yake ikiwa na matundu ya kupitisha pini. Na kwa walioniambia ninunue tairodi nene kuliko zote sokoni: fito isiyopinda inapeleka kishindo kwa kinachofuata, na kinachofuata ni boksi. Fito iliyopinda naibadilisha porini kwa saa moja.

Nilichokwisha kufanya: stadi zote za mbele mpya, nati za 1.25, rimu za kiwandani zimerudi na tairi zake. Mkono wa pitmani wa awali umerudi. Usukani nimeuweka upya, boksi katikati, draglinki imezungushwa. Bano la panhadi la zamani limekatwa, limechomelewa jipya lenye tundu sahihi na bolti yake imekazwa kwa tokirenchi gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Bushi za kasta nimeagiza. Mwenye Patrol ya inchi 3 aliyefunga bushi za pembeni, naomba aniambie kasta ilirudi nyuzi ngapi, na kama bushi zile zilidumu au zilipasuka.

Muuzaji amenipigia leo asubuhi. Anataka nifute uzi huu wa jukwaani, halafu "tutazungumza". Nimemjibu kwamba lile bano la zamani sijalitupa, liko kwenye meza yangu pamoja na bolti yao na zile nati nne. Aje azishike kwanza.