Kugeuza stoo ya bustani kuwa banda la kuku wa kienyeji, Dodoma

Mkazi wa Nzuguni

Habari zenu, ndugu wafugaji. Nyumbani kwetu kuna stoo ya bustani ambayo marehemu baba aliijenga kwa tofali za kuchoma. Ina upana wa mita 3 na urefu wa mita 4, imeezekwa kwa bati, mlango wake wa mbao unatazama mashariki, na ina kidirisha kimoja kisichozidi ukubwa wa sinia. Kwa miaka mingi tumehifadhi humo majembe, mipira ya kumwagilia, mbolea na bomba la kupulizia dawa za nyanya. Bustani imesimama kwa shida ya maji, nami ningependa kufugia humo kuku wa kienyeji wapatao 80. Je, nafasi inatosha? Na ni yapi yanipasa kurekebisha kwanza, ikizingatiwa kwamba sakafu ni ya udongo ulioshindiliwa, na kwamba mchana wa Oktoba bati hilo huwaka kiasi cha mtu kushindwa kukaa ndani kwa dakika tano?

Fundi wa Nkuhungu

Ndugu yangu, kuku 80 hawataenea. Una mita za mraba 12. Ukiweka kuku wakubwa 5 kwa kila mita unapata 60, na ukitoa nafasi ya viota na vyombo vya maji, ni heri uanze na 50.

Kazi kubwa ni hewa. Stoo hujengwa ili ifunge, ilhali kinyesi kikikusanyika katika banda lililofungwa hutoa amonia, ambayo huwasha macho ya kuku na kuwaandalia njia ya mafua. Fungua sehemu ya juu ya kuta mbili ndefu, ya kaskazini na ya kusini, ukiacha ukuta wa chini wenye kimo cha mita moja hivi. Usianze kubomoa kabla ya kuegemeza paa kwa milunda, na uache nguzo za pembeni kama zilivyo. Ukuta wa mashariki usiuguse, na mlango wake uuzibe vizuri chini, maana upepo wa Julai na Agosti hutujia kutoka upande huo ukiwa na baridi na vumbi. Katika nafasi zilizofunguliwa weka wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi; ule wavu wa kuku wa kawaida humzuia kuku kutoka, lakini haumzuii nyoka kuingia.

Kuhusu joto, paka bati chokaa nyeupe kwa juu, ongeza upenu wa sentimita 60 hivi pande zilizofunguliwa, na chini ya bati unaweza kutandaza viroba kama dari.

Mama Mfugaji, Kikuyu

Mwanangu, pole kwa kumpoteza mzee. Nakubaliana na fundi kwa mengi, ila kwenye viroba sikubaliani naye hata kidogo. Dari ya viroba ni makao ya panya, na palipo na panya nyoka hayuko mbali. Chokaa na upenu vinatosha, ukipanda na mti wa kivuli upande wa magharibi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni hizo dawa. Mimi nilianza kama wewe, katika stoo ya zamani niliyoifagia tu na kuridhika, kumbe nyuma ya gunia lililokuwa limebaki pembeni palikuwa na punje za dawa ya panya, za rangi ya waridi. Kuku hudonoa kila anachokiona. Nilipoteza majike saba kwa siku mbili. Kwa hiyo toa kila kitu, kisha chimba sakafu kina cha kiganja, hasa pale bomba lilipokuwa likiwekwa, na udongo huo uufukie mbali na kisima na mboga. Mwaga zege jembamba, halafu utandaze maranda ya mbao. Sakafu ya udongo hapa Dodoma huzaa viroboto wale wanaong'ang'ania kandokando ya macho na kwenye upanga wa kuku hadi kifaranga anapofifia; wakishaingia kwenye nyufa, kuwatoa ni kazi ya miezi. Piga kuta lipu kwa ndani kwa sababu hiyo hiyo.

Mkazi wa Nzuguni

Shikamoo mama, na asante sana. Udongo wa pembeni kweli una madoa. Nawashukuru nyote wawili. Je, vichanja niviweke vipi?

Mfugaji wa Mpwapwa

Kila kuku anahitaji sentimita 20 hivi za kichanja, kwa hiyo kuku 50 wanataka mita 10. Miti minne inayovuka upana wa banda itawatosha. Iweke yote kwa kimo kimoja, sentimita 60 kutoka chini, la sivyo kila jioni watagombea mti wa juu. Ichomeke kwenye vishikizo inapotolewa kwa urahisi, ili kila mwezi uitoe juani na kuikagua chini yake, ambako utitiri hujificha mchana. Viota viwe kimoja kwa majike 5, katika kona yenye giza. Na kabla ya kuwahamishia humo, wapatie chanjo ya kideri ya tone la jicho wiki mbili mapema, kisha uirudie kila baada ya miezi 3.